Mahema na Wapagazi

Kambi za mahema zina mengi ya kusifiwa, nami nimelala katika mojawapo kando ya Mto Rufiji, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous. Viboko walikoroma usiku kucha. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni masimulizi ya jioni, tukiota moto. Tulielezwa kwa kirefu habari za Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyepigwa risasi Beho Beho Januari 1917, na kaburi lake. Nikauliza: na wapagazi je? Mwongoza wageni, kijana wa huko huko Rufiji, akanitazama tu.

Mimi ni mkazi wa Kariakoo. Jina hilo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, likitamkwa kwa ulimi wetu. Hapa ndipo walipopiga kambi. Walibeba risasi, unga na mahema ya maofisa. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, wala si kwa risasi. Selous ana kaburi lenye jina. Wao je?

Wenye kambi watasema mgeni amelipia kuona simba, hakulipia matanga. Mbona basi matanga ya Selous wanamwandalia? Kijana yule simlaumu. Hakufundishwa, na kufundisha ilikuwa kazi yetu sisi walimu. Nataka afundishwe sasa, na kibao cha wapagazi kisimamishwe Beho Beho, kwa Kiswahili.