TAHARIRI: Mkoba, Kalamu na Posho Havitoshi

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, katika safu zetu za swala wamo walimu, madaktari, wahasibu, wahandisi na wanasheria. Baadhi yao huhudhuria mikutano ya fani zao Arusha, Dodoma, Mombasa au Nairobi. Husikiliza mada, hula meza moja na wale wale waliosafiri nao, kisha hurejea na mkoba, kalamu na posho. Tukiwauliza wamejuana na nani, hawana jibu. Na huku kijana wetu aliyehitimu chuo hana wa kumwelekeza, na madrasa inayotaka kujengwa haina mhandisi wa kuikagulia ramani.

Wapo wanaosema kuwa kuwaendea watu mikutanoni ni kupenda dunia. Hao na waitazame Sira. Katika misimu ya Hija, Mtume (s.a.w.) hakungoja kufuatwa. Aliyaendea makabila kwenye mahema na masoko yao, na Abubakar (r.a.), mjuzi wa nasaba za Waarabu, akifuatana naye. Mwaka 620 alikutana huko Aqaba na watu sita wa Khazraj kutoka Yathrib. Aliwauliza wao ni nani, akawaomba waketi wazungumze. Mwaka uliofuata walikuja 12, naye akawapelekea Mus'ab bin Umair (r.a.) awafundishe. Mwaka 622 walifika wanaume 73 na wanawake wawili. Mazungumzo na watu sita yakaifungulia Hijra mlango.

Humo tunapata mafunzo matatu. Kwanza, tujue kabla ya safari ni nani watakaokuwepo na wana ujuzi gani. Pili, tuanze kwa kuuliza na kusikiliza, si kwa kujisifu. Tatu, tufuatilie. Namba ya simu tuliyopewa ni amana, na waraka tulioahidi kuutuma ni deni. Anayeahidi na kunyamaza amejifungia mlango, na pengine amewafungia na wenzake.

Hata hivyo, tunatahadharisha. Kujuana si kujipendekeza, wala si njia ya kumpokonya nafasi anayeistahiki zaidi. Hiyo ni dhulma hata ikifanywa na ndugu kwa ndugu. Mipaka ya heshima baina ya wanaume na wanawake ihifadhiwe. Swala nayo isicheleweshwe kwa ajili ya maongezi. Mara nyingi kuulizia mahali pa kuswalia ndiko kunakoanzisha maongezi yenye kheri.

Tunapendekeza kwa kila msikiti: anayerejea kutoka mkutanoni apewe dakika chache baada ya Isha, aeleze alichojifunza, na ni nani, kwa ridhaa yake, yuko tayari kuusaidia umma. Elimu na watu tuliowapata safarini tusiwafungie mikobani.

Wabillahi tawfiiq.