Rangi ya Picha ya Kale Huulizwa kwa Mashahidi

Katika nyumba zetu nyingi ipo bahasha au sanduku lenye picha za wazee wetu, nyeusi na nyeupe: babu amesimama wima na kanzu yake, bibi ameketi kwenye kiti cha studio. Siku hizi vijana huzitia picha hizo katika programu za kompyuta, na kwa muda mfupi hutoka zikiwa na rangi. Kazi hiyo ni njema na huwafurahisha wengi, lakini ina hatari yake, nayo ndiyo tunayokusudia kuizungumza leo.

Yafaa tuelewe kwanza asili ya picha hizo. Filamu nyeusi na nyeupe iliandika kiasi cha mwanga tu. Kitambaa chekundu na cha kijani, iwapo filamu imepokea kutoka kwao mwanga wa kiasi kimoja, huonekana vyote kijivu kile kile. Tena, filamu za zamani za aina ya othokromatiki hazikuihisi rangi nyekundu, hata nguo nyekundu ikatoka karibu nyeusi, na ya buluu ikatoka nyeupe-nyeupe.

Kompyuta basi huitoa wapi rangi hiyo? Huikisia. Programu kama DeOldify, iliyotolewa mwaka 2018, zilifundishwa kwa picha nyingi mno za rangi zilizogeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe, zikajizoeza kuirudisha rangi iliyoondolewa. Majani na mbingu huzipatia vyema. Lakini kanzu ya Buganda yenye darizi ya damu ya mzee kifuani yaweza kupewa darizi ya kahawia, na hakuna atakayeona kosa ila aliyekuwapo.

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni madogo. Hebu tutazame yaliyotokea mwezi wa Aprili 2021. Jarida la Vice lilitangaza picha zilizotiwa rangi za wafungwa wa Tuol Sleng, gereza la mjini Phnom Penh ambamo maelfu ya watu waliteswa na kuuawa katika utawala wa Khmer Rouge wa mwaka 1975 hadi 1979. Ikagundulika kwamba baadhi ya nyuso hazikutiwa rangi tu, bali zimefanywa zitabasamu. Wizara ya utamaduni ya Kambodia ilidai ziondolewe, na jarida likaziondoa. Waliofiwa walikuwa wameonyeshwa furaha ambayo ndugu zao hawakuwa nayo mbele ya kamera ile. Mkono uliozoea kubuni rangi ya nguo haukawii kubuni na uso.

Kwa hiyo, anayetaka kuifanya kazi hii nyumbani na afuate utaratibu huu.

Kwanza, piga nakala ya picha kwa skana, nukta 600 kwa kila inchi au zaidi, uiweke faili hiyo pembeni bila kuigusa. Picha yenyewe irudi mahali pake.

Pili, nenda kwa wazee kabla ya kuwasha programu. Usimwulize shangazi, "Hii ilikuwa nyekundu, sivyo?" Wengi wataitikia kwa adabu tu. Mwulize nguo ilikuwa ya rangi gani, nani aliinunua, na ilivaliwa siku gani. Mpe vipande vya vitambaa vya rangi mbalimbali achague kwa mkono wake. Andika jibu pamoja na jina lake na tarehe. Mashahidi wawili wakitofautiana, andika maneno ya wote wawili.

Tatu, tumia programu inayokuwezesha kupaka kwa mkono. GIMP hutolewa bure. Fungua tabaka jipya juu ya picha kwa kila kitu: moja la kanzu, moja la kiti, moja la ngozi. Liagize kila tabaka libadili rangi peke yake, ili mwanga na kivuli vya picha ya asili vibaki. Kumbuka kwamba ngozi haina rangi moja. Midomo, shavu na kiganja hutofautiana. Watazame watoto na wajukuu wa mtu huyo walio hai, wakuongoze.

Nne, kitu ambacho hakuna anayekijua rangi yake kiache kijivu. Babu mwenye kanzu nyeupe na darizi yake halisi, akiwa mbele ya pazia la kijivu, ni picha ya heshima kabisa.

Tano, andika chini ya picha kwamba imetiwa rangi, mwaka gani, na kwa ushahidi wa nani. Mjukuu atakayeiona miaka hamsini ijayo asidhani kwamba kamera ndiyo iliyosema.

Ndugu wasomaji, skana haikosekani mjini, na programu zitaendelea kuwa bora. Mzee anayekumbuka rangi ya nguo ya harusi ya dada yake hatapatikana dukani. Jumapili hii mchukulieni picha zake, mketi naye, mwandike.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumzia namna ya kuzihifadhi picha zenyewe zisiharibiwe na unyevu na wadudu.