Lugha ya Dola na Ndimi za Raia
Amri aliyoitia saini Rais Donald Trump tarehe 1 Machi 2025, ya kukifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani, ijapokuwa haikukataza tafsiri, iliibatilisha ile ya mwaka 2000 iliyozitaka idara za serikali kuu ziwafikishie huduma wasiokimudu. Na katika miji ya Minneapolis na Saint Paul jimboni Minnesota, ambako Kisomali, Kihmong, Kihispania na Kioromo husemwa hadharani kila siku, kadhia hii si ya karatasini tu. Minnesota ilitoa maelekezo ya kupiga kura kwa lugha tisa mwaka 1896, Kinorwe, Kijerumani na Kifini zikiwamo, wala dola haikuporomoka. Iweje basi ajuza Msomali wa mtaa wa Cedar-Riverside, Minneapolis, raia mlipa kodi, anyimwe taadhima waliyopewa Wanorwe? Bunge la jimbo na liihifadhi kwa sheria haki ya raia kuhudumiwa kwa lugha anayoielewa.