Bei Halisi ya Louisiana

Katika vitabu vingi vya historia ya Marekani husifiwa sana biashara ya mwaka 1803, ambayo kwayo taifa changa, lisilotimiza hata miaka 30 tangu kutangaza uhuru wake, lilinunua kwa Ufaransa nchi ya Louisiana. Bei ilikuwa dola milioni 15, na eneo lilizidi kilomita za mraba milioni 2. Yasemwa kwamba kwa kalamu na wino tu, pasipo kumwaga damu, Marekani ilikua maradufu, na kwamba ardhi haijapata kununuliwa kwa bei nafuu kama ile. Kauli hii ni tamu masikioni, lakini haistahimili hesabu. Bei ilikuwa kubwa mno. Ila waliolipa sehemu yake kubwa hawakuwa wanunuzi.

Kwanza na iulizwe, kitu gani kiliuzwa? Ufaransa ilirudishiwa Louisiana na Hispania kwa mapatano ya siri mwaka 1800, na hati ya mauzo ilipoandikwa Paris tarehe 30 Aprili 1803, maofisa wa Hispania walikuwa bado wakitawala New Orleans. Wafaransa walikabidhiwa mji huo tarehe 30 Novemba. Siku 20 baadaye wakawakabidhi Wamarekani. Mbali na mji huo, na vijiji na ngome chache kandokando ya mito, nchi ilikuwa mikononi mwa Waosage, Wapawnee, Wasioux na mataifa mengine, ambao walilima, waliwinda na walizika wafu wao humo. Hakuna hata mmoja wao aliyeitwa Paris. Mtu hauzi asichokuwa nacho. Kilichouzwa hasa ni haki ya dola moja, miongoni mwa dola za Kizungu, kuidai ardhi hiyo kwa wenyewe bila ya mshindani. Mahakama Kuu ya Marekani ilithibitisha fikira hiyo mwaka 1823, ilipohukumu kwamba wenyeji wana haki ya kukaa tu, na kwamba serikali peke yake ndiyo iwezayo kununua ardhi yao. Ardhi yenyewe ilichukuliwa baadaye, kipande kwa kipande, kwa mikataba, kwa vitisho na kwa vita.

Wala si kweli kwamba damu haikumwagika. Bonaparte aliuza kwa sababu alishindwa Saint-Domingue, kisiwani ambako watumwa waliinuka mwaka 1791 wakavunja minyororo yao. Jeshi lake lililofika huko mwaka 1802 lirudishe utumwa upya liliteketezwa lenyewe kwa vita na homa ya manjano. Pasipo sukari ya kisiwa, Louisiana haikumfaa kitu, na vita na Uingereza vilikuwa mlangoni. Basi Marekani ilivuna katika shamba lililonyweshwa damu ya watu weusi. Shukrani yake ikawa nini? Haiti ilitangaza uhuru wake tarehe 1 Januari 1804. Marekani haikuutambua hadi 1862.

Hapana budi kukiri kwamba manufaa yalikuwapo. Wakulima wa Ohio na Kentucky walipata njia salama ya kuteremsha mazao yao kwa Mto Mississippi hadi baharini. Lakini katika bonde la kusini, ustawi huo ulikuwa wa pamba na miwa, na mikono iliyolima ilikuwa ya watumwa. Louisiana iliingia katika Muungano mwaka 1812 pamoja na utumwa wake. Toka hapo kila jimbo jipya lilizusha ugomvi ule ule: litakuwa la watu huru au la watumwa? Missouri mwaka 1820, Kansas mwaka 1854, kisha vita vya 1861 hadi 1865, vilivyoua watu zaidi ya 600,000. Ardhi iliyolikuza taifa ndiyo iliyokaribia kulipasua.

Watetezi hujibu kwamba si haki kuwapima wa kale kwa mizani ya leo. Jibu hilo ni dhaifu, kwani mizani ilikuwapo. Rais Jefferson mwenyewe alishuku kwamba Katiba haikumpa ruhusa ya kununua nchi. Tena, mwaka huo huo wa 1803, aliandika katika barua kwamba ingefaa wenyeji waingizwe katika madeni, ili washurutike kuyalipa kwa ardhi. Aandikaye hivyo ajua atendalo. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Huko mgeni alikuja, mwenyeji akahamishwa. Baada ya sheria ya 1830, mataifa ya mashariki yalisukumwa kuvuka Mississippi hadi katika nchi iliyonunuliwa, na inakisiwa kwamba Wacherokee wapatao 4,000 walikufa katika uhamisho huo.

Anayedhani kwamba hesabu hii imekwisha fungwa na aitazame hukumu ya mwaka 1980. Mahakama Kuu ilikubali kwamba Wasioux walinyang'anywa Milima Myeusi ya Dakota, iliyomo katika ununuzi ule ule, ikaamuru walipwe zaidi ya dola milioni 100. Wasioux walizikataa fedha hizo. Watakacho ni milima yao. Fedha walizotengewa kwa milima hiyo peke yake ni nyingi kuliko zile walizopewa Wafaransa kwa Louisiana nzima, na jawabu lao ni kwamba hawakupata kuiuza.