Moto wa Kaimosi na Mlango Uliofungwa

Asubuhi ya Jumapili mjini Kitale, mtu aliye karibu na barabara kuu husikia ngoma kabla ya kuwaona wapigaji wake. Punde watu hupita wamevaa kanzu nyeupe, na vilemba vyao vimeshonwa msalaba mwekundu. Hao ni watu wa Dini ya Roho. Barabara hiyo hiyo hupitwa na Marafiki, wameshika Biblia mikononi, wakienda kanisani kwao pasipo ngoma. Husalimiana kwa majina, kwa kuwa aghalabu ni jamaa, na babu zao walisoma katika darasa moja. Lakini vijana wengi hawajui ya kuwa makanisa haya mawili yalikuwa nyumba moja, wala hawajui ni kitu gani kilichoufunga mlango uliopo kati yao. Kilichoufunga ni namna ya kuomba.

Yafaa kuanza mbali kidogo. Marafiki walianza Uingereza katika karne ya 17, wakiongozwa na George Fox, mwana wa mfumaji nguo, aliyehubiri ya kuwa nuru ya Kristo humwangazia kila mtu. Mwaka 1650 Fox alifikishwa mbele ya hakimu mjini Derby. Alimwambia hakimu huyo atetemeke mbele ya neno la Bwana, naye hakimu, kwa dhihaka, akawapa watu hao jina la Quakers, yaani Watetemekaji. Walifungwa na kupigwa, lakini hawakuiacha imani yao, na jina la dhihaka likageuka kuwa jina la heshima. Msomaji na aliweke neno hilo moyoni, maana litarudi.

Mwaka 1902 Marafiki watatu kutoka Marekani, Willis Hotchkiss, Edgar Hole na Arthur Chilson, walifika Kaimosi, mpakani mwa Watiriki na Wanandi, wakajenga misheni. Mafundisho yao yalienea kaskazini hata nchi ya Wabukusu, na Lugulu ikawa kituo chao kikubwa. Mwaka 1926 reli ikafika Kitale. Walowezi walihitaji mikono ya kulima mahindi, na vijana kutoka Maragoli, Tiriki na Bungoma wakapanda kwenda mashambani, wengine pamoja na wake zao na ng'ombe wao. Mtu alipohama, alihama na dini yake.

Katika miaka hiyo habari za uamsho zilikuwa zimekwisha kuzunguka dunia. Mwaka 1904, katika nchi ya Wales, kijana wa miaka 26 aitwaye Evan Roberts, aliyewahi kufanya kazi katika mgodi wa makaa ya mawe, alianza kuwaita wenzake katika sala. Husimuliwa ya kuwa farasi wadogo wa migodini walishindwa kuelewa amri, kwa sababu wachungaji wao walikuwa wameacha matusi. Mwaka 1906, mjini Los Angeles, William Seymour, mwana wa watu waliokuwa watumwa, aliongoza sala katika jengo duni, na Weusi na Weupe wakapiga magoti pamoja katika nchi iliyozoea kuwatenga. Mwaka 1907 Wakristo wa Pyongyang, huko Korea, waliungama dhambi zao kwa machozi. Mambo mawili yalionekana katika kila mahali: toba ya wazi, na wanyonge kupata sauti. Hili la pili ndilo huwatisha wakuu kuliko lile la kwanza.

Mwaka 1927 zamu ikafika Kaimosi. Chilson alihubiri juu ya Roho Mtakatifu, akawahimiza watu waungame na kumngojea. Watu wakalia, wakatetemeka, wakataja makosa yao mbele ya wote, na wengine wakanena kwa lugha wasizofundishwa na mtu. Muda si mrefu Chilson akaondoka kwenda likizo, wala hakurudi tena kufanya kazi Kaimosi. Mwaka 1934 alianzisha misheni nyingine Kibimba, katika nchi ya Burundi. Wale walioguswa na mahubiri yake wakabaki bila msemaji mbele ya wakuu.

Wamisionari waliobaki, pamoja na wazee wengi Waafrika, walikataza maungamo ya hadhara na kunena kwa lugha. Wasihukumiwe upesi. Mtu anayeungama uzinzi mbele ya kanisa haungami ya peke yake, na nyumba ya jirani yaweza kuvunjika kabla ya jua kuchwa. Kadhalika, anayedai kuwa amefunuliwa jambo na Mungu aweza kuwaongoza wengi pabaya, na ni vigumu kumwuliza mtu wa namna hiyo hesabu ya maneno yake. Basi hofu ya wazee ilikuwa na msingi. Kosa lilikuwa katika dawa. Badala ya kukaa na watu hao, kuwasikiliza, na kupepeta ngano ili makapi yatoke, waliwafungia mlango. Wana wa Watetemekaji wakawafukuza watu kwa sababu ya kutetemeka.

Waliofukuzwa walikutana majumbani. Walidhihakiwa, walisumbuliwa, lakini hawakuacha kuomba. Katika miaka ya 1930 walianza kujipanga wenyewe, na kutoka kwao yakatokea makanisa kama African Church of the Holy Spirit na Holy Spirit Church of East Africa. Imani hiyo ilipanda nao hata Trans Nzoia, ikaombewa katika vibanda vya vibarua. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, watu walipopata ardhi katika mashamba yaliyokuwa ya walowezi, makanisa nayo yakapata mahali pa kusimama.

Kanisa la Anglikana nalo lilipata jaribu kama hilo, likajibu kwa njia nyingine. Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe mjini Kampala, Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini katika Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, mtu wa Buganda, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Uamsho uliotoka Gahini ulifika Kabale mwaka 1935 na Kabete mwaka 1937. Waliookoka walirudisha vitu vya wizi na kulipa madeni yaliyokwisha sahauliwa. Mzungu aliungama kiburi chake mbele ya Mwafrika. Fujo haikukosekana. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha Mukono, na wengi walidhani kanisa litapasuka. Lakini mazungumzo hayakukatwa, na ndugu hao wenyewe walikataa kuanzisha kanisa jipya. Mwaka 1955 Obadiah Kariuki, mmoja wa ndugu wa uamsho katika Kenya, akawekwa wakfu kuwa askofu.

Hata hivyo, kukaa pamoja nako kulikuwa na gharama yake. Katika Nyanza, Wakristo wengi walichoka kuambiwa na ndugu ya kuwa wao hawajaokoka. Mwaka 1957 Mchungaji Matthew Ajuoga na wenzake wakatoka, wakaanzisha Church of Christ in Africa, na wafuasi wao wakajulikana kwa jina la Johera, yaani watu wa upendo. Kaimosi waliowaka walifukuzwa na waliopoa. Nyanza waliopoa walisukumwa na waliowaka. Basi lawama haikai upande mmoja. Mzee huweza kuufunga mlango kwa amri, na kijana aliyeokoka huweza kuufunga kwa dharau.

Mwaka 1975 African Church of the Holy Spirit ilipokewa katika Baraza la Makanisa la Ulimwengu, ikaketi katika baraza ambalo Marafiki wa Marekani walikuwa wajumbe wake tangu zamani. Toka mwaka 1927 ilikuwa imepita miaka 48. Wengi wa wale waliofukuzwa walikuwa wamekwisha kuzikwa, na waliowafukuza vilevile.

Wahenga walisema moto huzaa majivu. Ni kweli, lakini chakula kilichopikwa juu ya moto ule kimewalisha watu wengi. Katika Kitale na Bungoma hakuna kanisa ambalo siku moja halitaona mtu akisimama katikati ya ibada, analia na kutetemeka. Wazee watakuwa na haki ya kuogopa. Na wamketishe karibu nao, wamwulize ameiba nini na kwa nani, wamsaidie kukirudisha, na kuyalinda majina ya wasiokuwapo. Naye akiisha kusimama imara, na akumbuke ya kuwa mama aliyemfundisha sala ya kwanza, huenda bila kutoa chozi hata moja, alikuwa akimwomba Mungu yule yule.