DNA iliyozidishwa isiharakishwe kwa wafiwa

MOTO ulioteketeza kanisa la Kiambaa, karibu na mji wa Eldoret, Januari 1, 2008, uliunguza baadhi ya miili hata isitambulike kwa macho. Katika misiba ya aina hiyo, jamaa hubaki wakitegemea DNA, nayo mara nyingi huwa imesalia kidogo mno.

Seli moja ya binadamu ina takriban pikogramu 6 tu za DNA. Tangu mapema miaka ya 2000, maabara zimeweza kuizidisha yote kwa kimeng'enya kiitwacho phi29, ikatosha kupimwa mara nyingi.

Hata hivyo, wingi si ushahidi. Kimeng'enya hicho hunakili kwa usahihi mkubwa, lakini sampuli ikiwa ndogo, sehemu nyingine hunakiliwa kupita kiasi na nyingine hupotea. Nakala iliyotoka kwa baba ikipotea, mtoto wake huweza kuonekana si wake. DNA ya mpimaji ikiingia, nayo huzidishwa. Isitoshe, DNA iliyokatikakatika kwa moto haizidishwi vyema kwa njia hii.

Kwa hivyo, kipimo kirudiwe, tena kwa sampuli tofauti, kabla ya jamaa kuelezwa lolote. Kumkabidhi mzazi maiti isiyo ya mwanawe ni kumwongezea msiba juu ya msiba.