Klachi ya gari lenye nguvu: Bei nafuu si ile iliyoandikwa kwenye kasha

TANGU mbio za Safari Rally ziliporejea katika kalenda ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana humo tangu 2002, hamu ya magari ya kasi humu nchini imepata uhai mpya. Si kwamba ilikuwa imekufa. Kizazi kilichomshuhudia Patrick Njiru akiendesha Subaru katika miaka ya tisini, na Colin McRae akitwaa ushindi wa Safari mwaka 1997 kwa gari la aina iyo hiyo, ndicho kilichowalea vijana ambao leo wanamiliki Impreza na Lancer Evolution zinazonguruma katika Barabara ya Thika nyakati za usiku.

Kununua gari jipya la aina hiyo ni ndoto kwa wengi. Mwaka 2023 ushuru wa forodha kwa magari yanayoingizwa nchini ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35, na aliye na gari akaona heri abaki nalo na kuliongezea nguvu. Anabadilisha tabo, anafungua njia ya moshi, kisha anamlipa mtaalamu aiandike upya programu ya kompyuta ya injini. Gari lililotoka kiwandani na nguvu za farasi 250 linatoka gereji na 320. Mwenyewe hufurahi kwa wiki mbili hivi.

Halafu siku moja yuko katika barabara ya Nakuru, anataka kulipita lori, anakanyaga mafuta akiwa katika gia ya nne, na sindano ya mizunguko ya injini inapanda ilhali mwendo wa gari hauongezeki. Harufu ya kitu kinachoungua inapenya ndani. Klachi imeshindwa kuibeba injini mpya, na imeshindwa mahali ambapo mbele kuna basi linalokuja na ubavuni kuna lori. Hapa ndipo suala hili linapoacha kuwa starehe ya vijana na kuwa jambo la usalama barabarani.

Swali linalofuata huulizwa kila siku katika maduka ya spea ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo wateja wengi wangali wanaiita Grogan: klachi gani ya bei nafuu inayoweza kustahimili nguvu hii? Aghalabu jibu analopewa mteja ni kasha lenye maandishi ya kuvutia na ahadi ya nguvu za farasi 400 au 500. Hilo ni jibu la swali ambalo si lake.

Klachi haijui farasi. Inachokijua ni nguvu ya msokoto, yaani ile nguvu inayoizungusha shafti, ambayo hupimwa kwa nyutoni-mita. Nguvu za farasi ni zao la msokoto huo na kasi ya mizunguko. Injini inayotoa farasi 300 kwa mizunguko 6,000 kwa dakika ina msokoto wa takriban nyutoni-mita 356 katika kasi hiyo. Nyingine inayotoa farasi hao hao 300 kwa mizunguko 4,000 ina nyutoni-mita 534. Kwa mdomo magari haya mawili ni sawa. Kwa klachi, moja ni mzigo wa mtu mmoja na jingine ni mzigo wa mtu na nusu. Ndiyo maana tabo inayowahi kusukuma hewa mapema huchoma klachi upesi kuliko injini inayopata nguvu zake juu kabisa.

Basi wa kwanza kulipwa hafai kuwa muuza spea. Ni yule mwenye mashine ya kupimia nguvu, atoe karatasi inayoonyesha kilele cha msokoto. Tena izingatiwe kwamba mashine hiyo hupima kwenye magurudumu, ambako sehemu ya nguvu imekwisha kupotea katika giaboksi na difu. Klachi iko kabla ya hasara hiyo, kwa hivyo mzigo wake ni mkubwa kuliko unaosomeka. Kwa gari linaloendeshwa na magurudumu manne tofauti hiyo huweza kufikia asilimia 20 au zaidi.

Wakazi wa Nairobi wana jambo jingine la kukumbuka. Jiji liko katika kimo cha mita zipatazo 1,700, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Hata yenye tabo huenda isifikie hapa kiwango inachoweza kukifikia Mombasa. Klachi iliyotosha kwa shida Westlands inaweza kuanza kuteleza Mtwapa.

Tukishakuwa na tarakimu ya msokoto, hesabu ya klachi yenyewe si ngumu. Uwezo wake unategemea mambo manne: idadi ya nyuso zinazosuguana, ukali wa msuguano wa kitambaa, nguvu ya springi ya presha pleti inayoibana sahani, na umbali wa kitambaa kutoka katikati ya sahani. Chukua sahani moja, ambayo ina nyuso mbili. Msuguano uwe 0.3, springi ibane kwa nyutoni 7,000, na wastani wa umbali huo uwe milimita 95. Ukizidisha vyote unapata nyutoni-mita 399. Ukiweka springi yenye nguvu zaidi kwa asilimia 30, bila kugusa kingine chochote, unafika 519. Ukiongeza sahani ya pili, nyuso zinakuwa nne na uwezo unaongezeka maradufu.

Kila klachi inayouzwa duniani imechezea moja au zaidi ya tarakimu hizo. Muuzaji asiyeweza kukueleza ni ipi iliyobadilishwa anauza rangi ya kasha. Isitoshe, zile daraja za kwanza, pili na tatu zinazotajwa madukani hazina kipimo cha pamoja. Kila kiwanda hujiwekea chake, na daraja la pili la huyu laweza kuwa dhaifu kuliko la kwanza la yule. Kinachofaa kuulizwa ni nyutoni-mita ngapi, na kwa sahani ya kitambaa gani.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, mwenye gari la barabarani ambaye msokoto wake haujazidi ule wa kiwandani kwa zaidi ya theluthi moja hana sababu ya kutafuta makuu. Presha pleti yenye springi kali, pamoja na sahani ya kitambaa cha kawaida kutoka kwa kiwanda kinachojulikana kama Exedy ya Japani au Sachs ya Ujerumani, inamtosha. Kitambaa hicho hushika polepole, huvumilia msongamano wa magari, na kila fundi anakifahamu. Aache nafasi ya robo hivi juu ya kilele chake: mwenye nyutoni-mita 400 atafute klachi ya 500. Ile ya 800 amwachie mwenye gari la mashindano.

Wengi hawapendi kusikia hilo. Wanataka sahani yenye vipande vinne au sita vya kauri, kwa kuwa ndiyo iliyomo katika magari ya mbio na bei yake wakati mwingine si kubwa sana. Kauri inashika kweli, na haijali joto. Lakini haijui kushika nusu. Ama imeshika ama imeachia, na kati ya hali hizo mbili gari huruka kama ndama aliyefunguliwa kamba. Hebu iwazie sahani hiyo katika Barabara ya Jogoo saa kumi na mbili jioni, gari likisogea hatua tatu na kusimama, saa nzima. Kevlar ni ya wastani: laini kuliko kauri, hudumu muda mrefu, ila huhitaji kuzoeshwa kwa subira, na ikipata joto kupindukia uso wake hung'aa na kupoteza mshiko.

Klachi ngumu kupita kiasi ina gharama nyingine isiyoonekana dukani. Klachi inayoteleza kidogo ghafla inapozidiwa huwa imefanya kazi ya fyuzi, kwa kuwa imepokea pigo ambalo lingekwenda mbele. Ukiiondoa tabia hiyo, pigo linahamia kwenye giaboksi. Wenye Impreza za tabo zenye gia tano wanalijua jambo hili vyema, maana giaboksi ile ina sifa mbaya ya kukatika meno, hasa gia ya tatu. Mtu ananunua klachi ili aokoe pesa, kisha anarudi miezi mitatu baadaye kutafuta giaboksi nzima. Springi kali nayo huisukuma shafti ya injini kila unapokanyaga pedali, na bereng za kuizuia shafti hiyo isisogee hulika mapema iwapo dereva ana mazoea ya kukaa na mguu kwenye klachi akisubiri taa. Hilo si gharama ya klachi tena. Ni injini kufunguliwa.

(Wenye magari ya gia za kujiendesha wanaweza kuruka makala haya bila hasara. Forester nyingi zilizomo barabarani mwetu ni za aina hiyo, haidhuru zinanguruma namna gani.)

Pesa nyingi, kwa hakika, huenda katika kazi ya kuitoa giaboksi na kuirudisha. Kwa sababu hiyo ubahili wa kubakisha vitu vya zamani ni wa kuepukwa. Giaboksi ikishashuka, bereng ya kuachilia klachi ibadilishwe, na oil sili ya nyuma ya injini ibadilishwe pia, kwa kuwa tone la mafuta likiufikia uso wa sahani mpya, sahani hiyo imekwisha. Flaiwili, lile gurudumu zito ambalo sahani hujibana nalo, lipelekwe kwa fundi wa mashine ya kukereza likanyooshwe. Flaiwili zenye vipande viwili na springi ndani kwa kawaida hazikerezwi. Hubadilishwa, na bei yake humshtua mtu. Afadhali kushtuka kabla ya gari kufunguliwa.

Sahani kuukuu zilizotolewa katika magari ya Japani huuzwa kwa bei ya chini. Sahani iliyokwisha kulika kwa kuizoea flaiwili fulani haishiki vyema kwenye nyingine, na kiasi cha kitambaa kilichobaki hakionekani kwa macho ya haraka. Ukiletewa seti kamili kutoka kwa gari lenye nguvu zaidi, pamoja na flaiwili yake, hilo linaweza kujadiliwa. Pima kwanza. Sahani ya Impreza ya gia tano ina upana wa milimita 230 na ya STI ya gia sita ina 240, na meno ya katikati lazima yaoane na ya shafti yako.

Hatari kubwa kuliko ukuukuu ni ughushi. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi tangu mwaka 2008, lakini sheria haisimami kaunta. Klachi huzunguka mara elfu saba kwa dakika, sentimita chache kutoka miguuni mwa dereva. Ribiti zilizofungwa ovyo na chuma hafifu katika kasi hiyo huweza kupasuka na kutoboa sakafu ya gari. Duka lisilotaka kuandika jina la bidhaa na nambari yake kwenye risiti limekwisha kukujibu.

Kuna mwathiriwa mwingine ambaye hatajwi kamwe katika mazungumzo haya, naye ni fundi. Vitambaa vya klachi vya zamani vilitengenezwa kwa asbestosi, ambayo Shirika la Afya Duniani linasema aina zake zote husababisha saratani. Spea kuukuu na zisizojulikana zilikotoka hazina cheti cha kumhakikishia mtu kwamba hazina madini hayo. Hata hivyo, katika gereji nyingi za jua kali vumbi la klachi hupulizwa kwa hewa ya pampu, na mwanagenzi akiwa ameinama juu yake. Kitambaa kilicholowa maji na barakoa ni gharama ndogo, na mwenye gari ana haki ya kuvidai kabla kazi haijaanza.

Kampuni ya bima nayo ijulishwe kwa maandishi kuhusu nguvu zilizoongezwa. Bima hujengwa juu ya kusema kweli yote, na ajali ikitokea mkaguzi wa kampuni hatakosa kuiona tabo ambayo haimo katika fomu.

Kazi ikishakamilika, kilomita 500 hadi 1,000 za mwanzo ziwe za mjini, kwa gia za kubadilisha mara kwa mara na bila kukanyaga mafuta hadi mwisho, ili nyuso mbili zizoeane. Aliyefungiwa klachi Ijumaa asiende nayo Naivasha Jumamosi kuwaonyesha wenzake.